Majani Mabaya, au Yamechumwa Vibaya?

Huku kwetu, kwenye vilima vya chai kati ya Kericho na Bomet, mvua hunyesha alasiri na kazi ya ziada hufika jioni. Mvua unaweza kuikinga kwa mwavuli. Kazi ya ziada huingia ndani na mtoto, ikavuliwa pamoja na viatu vya matope, na kabla hujamaliza kikombe chako cha chai ishatandazwa mezani. Inakungoja wewe mzazi, eti utie sahihi.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Sisi wa 8-4-4 tulifanya kazi zetu wenyewe, tukakosea wenyewe, tukachapwa wenyewe. Marehemu baba yangu alikufa bila kuulizwa na mtu kielezi ni kitu gani. Lakini tangu mtaala huu wa CBC uanze mwaka 2019, sisi wazazi tumesajiliwa shule upya, safari hii bila sare na bila maziwa ya Nyayo. Nimeshachapisha picha za twiga kwenye saiba ya Litein. Nimeshatafuta maboksi, gundi na vifuniko vya chupa. Yote hayo nilivumilia. Jumatatu ile binti yangu wa Gredi ya 4 akaniletea Kiingereza.

Gredi ya 4 ni kona mbaya. Kabla ya hapo, sera inamruhusu mwalimu wa kijijini kumfundisha mtoto kwa lugha anayoongea na nyanya yake. Ikifika Gredi ya 4, sayansi inageuka Kiingereza, hesabu inageuka Kiingereza, na hata kilimo, ambacho mtoto amekiona tangu azaliwe, kinaanza kujiita majina ya ugenini.

Zoezi lilikuwa na sentensi 10. Kila sentensi imeachiwa pengo, na mbele yake maneno mawili: kivumishi na kielezi. Chagua moja.

"Baba, mwalimu amesema tukikwama tuulize mzazi."

"Leta hapa," nikasema. "Baba yako hakwami."

Mama yake akakohoa jikoni. Kikohozi kile nakijua. Hakihusiani na moshi.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Mwalimu wangu, enzi zile za kuvishwa kibao shingoni ukikamatwa unaongea Kikipsigis, alitupa kanuni fupi: kivumishi husifu kitu, kielezi husifu kitendo. Ukitaka kielezi, chukua kivumishi, kibandike mkia wa "-ly", umemaliza. Kanuni hiyo niliihifadhi miaka 30, karibu bila kuitumia, kama suti ya harusi.

Tukaanza. Msichana anaimba: "sweet" au "sweetly"? Kuimba ni kitendo, weka mkia. Basi linakwenda: "slow" au "slowly"? Mkia. Wanafunzi wanasoma kimya, dereva anaendesha kwa uangalifu, mkia, mkia. Nikaomba chai ya pili. Kazi ilikuwa inatiririka.

Mkulima anafanya kazi: "hard" au "hardly"? Kitendo hicho. "Hardly." Lori lilifika: "late" au "lately"? "Lately." Mwanariadha anakimbia: "fast" au "fastly"? "Fastly", nikasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi. Chai hii, ukiionja: "good" au "well"? Kuonja ni kitendo, basi "well". Mtoto anaonekana: "happy" au "happily"? Kuonekana pia ni kitendo. Na jirani ni mtu "friend" au mtu "friendly"? Jirani ni mtu, wala si kitendo, kwa hiyo mkia utoke. "Friend."

Nikatia sahihi. Niliitia kubwa, na nukta mbili chini.

Siku ya pili daftari likarudi. Alama 4 kwa 10. Chini, kwa kalamu nyekundu, mwalimu ameandika kwamba mwanafunzi anakaribia matarajio. Zamani tungeitwa tumefeli na mambo yaishe. Siku hizi unakaribia tu, kama matatu ya Kapkatet inayokuambia iko karibu kufika huku bado inatafuta abiria stendi.

"Baba," binti yangu akasema, "tunakaribia matarajio."

Alisema "tunakaribia". Ile "tu" ilikuwa ya huruma, na huruma ya mtoto wa miaka 10 inauma kuliko kiboko.

Usiku nilichukua kamusi ya zamani ya kaka yangu nikatafuta kosa langu la kwanza. Ndipo nilipojua kwamba "hard" hufanya kazi zote mbili, kivumishi na kielezi, bila kubadilisha shati. Lakini "hardly" maana yake ni kwa shida sana, karibu hapana kabisa. Kwa hiyo sentensi yangu ilisema kwamba mkulima karibu hafanyi kazi kabisa. Kamusi ikaniangukia magotini.

Maana nilipomaliza kidato cha nne niliandika barua ya kuomba kazi kwenye kampuni moja kubwa ya chai. Niliiandika kwa mkono mzuri, karatasi ya mistari, wino wa buluu. Nikawaeleza kwa Kiingereza kwamba mimi ni kijana anayefanya kazi "hardly". Hawakujibu. Miaka 20 yote hii nimekuwa nikisema hadharani, hata kwenye matanga, kwamba nafasi yangu ilipewa mpwa wa bwana mkubwa. Kumbe nilikuwa nimewaambia wazi kwamba mimi ni mvivu, nikaweka na sahihi. Nimemsingizia mpwa wa watu.

Sasa niulizeni kosa ni la nani. Ukoo huu wa maneno ya Kiingereza ni wa wasaliti. Unaambiwa mkia ni alama ya kielezi, halafu "fast" anakataa mkia. Kericho hii ndiyo iliyomtoa Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, kule Tokyo mwaka 1964. Mtu wetu alikimbia "fast" mbele ya dunia nzima. Angekimbia "fastly" sijui angemaliza wa ngapi. "Late" ni kuchelewa, lakini ukimbandikia mkia anakuwa siku za karibuni, na lori la majani halijafika kamwe kwetu siku za karibuni kwa maana hiyo wala nyingine. Na "friendly", mwenye mkia mrefu unaoonekana kutoka Sotik, ni kivumishi!

Wataalamu wa lugha hiyo wanaeleza kwamba mkia ule ulizaliwa kutoka neno la kale lililokuwa na maana ya mwili au umbo. Basi "friendly" ni mwenye umbo la rafiki, na kwa asili ilikuwa sifa ya mtu. Nao akina "hard" na "fast" walikuwa na irabu ndogo mwishoni ya kuonyesha kwamba hapa ni vielezi. Karne zikapita, ile irabu ikalika kama sabuni, wakabaki uchi. Hayo hakuna aliyetuambia darasani. Tulipewa kanuni ya mkia na kiboko cha kuilinda.

Nilimweleza binti yangu haya yote kwa uchungu. Nikamalizia kwa kusema Kiswahili hakina fujo hizo. Akanitazama.

"Baba, viatu vizuri. Hiyo vizuri ni nini?"

"Kivumishi. Inasifu viatu."

"Anaimba vizuri?"

"Kielezi. Inasifu kuimba."

"Ni neno moja, Baba."

Nikanyamaza. Nikajaribu mlango mwingine. Nikamwambia angalau "kirafiki" ya kwetu inajua kazi yake: amenisalimu kirafiki, kielezi, hakuna ubishi. Akaniuliza mechi ya kirafiki kati ya shule yao na ya jirani ilikuwa kitendo au kitu. Mama yake akakohoa tena. Na barabarani ndiyo usiseme. Kijana wa boda boda anayenibeba kila Jumamosi huniambia amechoka "mbaya". Kivumishi kitupu, kimevaa koti la kielezi, na namwelewa mara moja wala simtolei kalamu nyekundu. Sisi wenyewe hatutazami sura ya neno. Tunatazama limeegemea wapi.

Ila mimi ni mtu mgumu. Nilihitaji kufundishwa kwa hasara, na hasara ilikuja Jumamosi.

Asubuhi hiyo tulichuma wawili, mimi na binti yangu. Kila mtu huku anajua sheria: majani mawili na chipukizi. Kiwanda hakitaki jani la tatu lililokomaa, wala kijiti. Lakini mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mogogosiek, mimi nikawa na haraka, na mkono wenye haraka hauhesabu. Binti alichuma kidogo, safi. Mimi nilijaza gunia.

Kwenye kituo cha kununulia, karani alitia mkono guniani hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi moja, akaitandaza. Ilikuwa na majani manne manne, na vijiti vya kutosha kuwasha jiko.

"Mzee, majani haya mabaya."

Damu ikanipanda. Michai ile ilipandwa na baba yangu, kipindi ambacho mkulima mdogo ndiyo kwanza anaruhusiwa zao lililokuwa la mashamba ya wazungu tangu miaka ya 1920. Mtu hasimami mbele ya foleni nzima akaitukana michai ya marehemu.

"Majani mabaya?" nikapaza sauti. "Umeona mvua ya mawe imepita kwangu? Majani yangu ni mazuri! Sema yamechumwa vibaya, hapo nitakuelewa. Lakini majani ni mazuri!"

Foleni ikatulia. Karani akashusha kalamu.

"Sawa, mzee. Yamechumwa vibaya. Nani alichuma?"

Sikujibu. Sauti ndogo kando yangu ikajibu kwa niaba yangu, kwa ukweli wote aliofundishwa Jumapili kanisani: "Ni Baba."

Hata mizani ilicheka. Gunia likarudishwa.

Tulitembea kurudi nyumbani, gunia kichwani mwangu, na mvua ikatukuta njiani kama kawaida yake. Ndipo nilipoliona somo zima. Ukisema majani mabaya, umelaumu kitu: ardhi, mbolea iliyochelewa, au mvua ya mawe, ambayo Kericho na Nandi tunajulikana nayo duniani. Ukisema yamechumwa vibaya, umelaumu kitendo, na nyuma ya kila kitendo kuna mtu. Mimi katikati ya foleni niliacha kivumishi kilichokuwa kinaniokoa, nikachagua kielezi, nikajifunga mwenyewe. Na nilichagua sawasawa, bila kutafuta mkia wowote. Nilijua tu ninachotetea na ninachokiachia lawama.

Hata ile chai iliyonishinda Jumatatu ikajieleza. Chai haionji kitu, sisi ndio tunaoionja. Ukisema ina ladha nzuri umesifu chai yenyewe, hujasifu bidii yake ya kuonja, kwa hiyo ni "good". Waonjaji wa chai ya mnada wa Mombasa wanalijua hilo. Wanavuta kijiko kwa kelele, wanatema, halafu wanatoa sifa: "bright", "brisk". Ni vivumishi vitupu, kwa sababu kilicho mbele yao ni chai, na aliyeichuma hawamwoni. Namshukuru Mungu hawanioni.

Wiki iliyofuata likaja zoezi lingine la sentensi 10. Safari hii nilimwachia binti yangu kalamu, mimi nikawa nauliza swali moja tu kwa kila sentensi: tunasema juu ya kitu, au juu ya kitendo? Akishajibu, ndipo anauliza neno lenyewe linavaa mkia au halivai, na wale wakaidi, akina "hard", "fast" na "late", tumewaandika kwenye karatasi ukutani kama majina ya wadaiwa dukani. Alipata 9. Lile moja alilokosa nilisisitiza mimi.

Basi walimu na wazazi wenzangu, sina ugomvi na vielezi. Ninaomba tu mkia uje mwisho. Mtoto wa chai anajua tangu tumboni tofauti ya jani baya na uchumaji mbaya, maana tofauti hiyo ndiyo karo yake ya shule. Anzeni hapo. Muulizeni kwanza anasifu nini na anamlaumu nani, kwa lugha yoyote aliyo nayo kinywani, halafu ndipo mumwonyeshe Kiingereza kinavyolivalisha neno. Ukimpa mkia kabla ya swali, atakuja kuandika barua kama yangu.

Na lile gunia lilikaa nyuma ya jiko siku tatu hadi likanuka. Hata mbuzi hakulitaka. Lakini yalikuwa majani mazuri.