Sifa za Balozi wa Uvunguni

Washairi wa pwani wamesifu jahazi, mnazi, bahari na jicho la mwanamke. Paka ameachiwa methali, na hata humo hutajwa kwa sababu ya panya. Hajatokea bado wa kumsifu paka mwoga, mvivu, mwenye manyoya yanayozidi haja, asiyejua kuwinda na anayekula vizuri kuliko mwenye nyumba. Kazi hiyo naichukua mimi, kwa kuwa ninaye mmoja, na kwa kuwa mwenyewe hatatoka uvunguni kuja kujisemea.

Ni paka wa Kiajemi, rangi ya moshi, uso bapa, pua imezama katikati ya macho. Anaitwa Balozi. Jina alipewa angali mdogo, kabla hatujajua kwamba katika maisha yake hatapokea mgeni hata mmoja. Mtaani kwetu Dar es Salaam balozi ni yule wa nyumba kumi, mtu anayetakiwa kumjua kila aingiaye na atokaye. Wetu naye anawajua wote kwa mlio wa kandambili, ila akishawajua huwakimbia.

Naanza na woga, kwa kuwa ndio taji lake. Mgeni akisema "hodi", hata hajaitikiwa "karibu", Balozi keshavuka sebule na yuko chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo za Idi, kule ambako fagio halifiki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu ni mgeni njoo, paka apotee. Watu humcheka. Mimi nikiwatazama wanaobisha hodi mjini naona yeye ndiye mwenye akili: kuna mleta kadi ya mchango wa harusi, kuna anayekuja kukumbusha deni, kuna fundi anayetaka hela ya kuanzia kwa kazi atakayoianza Mungu akipenda. Mimi hufungua mlango kwa adabu zote nilizofundishwa, na nikiufunga huwa nimepungukiwa na kitu. Balozi hajachangia harusi ya mtu yeyote tangu azaliwe.

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga akakaa nasi Ramadhani nzima. Hakumwona paka. Aliona sahani ikijazwa jioni na kuwa tupu asubuhi, aliona mchanga wa kisandukuni umefukuliwa, aliona manyoya ya kijivu kwenye baibui lake kila alipotaka kwenda tarawehe. Kumi la pili lilipokaribia kwisha aliniita pembeni.

"Mwanangu, hicho mlicho nacho humu ndani si paka."

"Ni paka, shangazi. Ana haya tu."

"Haya! Paka mwenye haya nani kamwona? Paka huja jikoni ukiwa unapaa samaki. Kitu kinachokula usiku na mchana hakionekani, kwetu kina jina lake."

Akafukiza ubani chumba kwa chumba. Moshi ulipofika chini ya kitanda ikasikika chafya.

"Umesikia?" akasema shangazi. "Kimejibu."

Wanaochunguza tabia za paka wanasema woga wa namna hii una vyanzo viwili. Cha kwanza ni malezi: kitoto cha paka kinapaswa kuzoeshwa mikono ya watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi ya maisha yake. Dirisha hilo likifungwa, mkono wa binadamu unabaki kuwa kitu cha kutiliwa shaka. Cha pili ni baba. Watoto wa dume jasiri huelekea kuwa majasiri, hata kama dume huyo hakuwahi kuwatia machoni. Nawaachia wasomaji watafakari ni viumbe gani wengine mtaani mwao wenye tabia za baba ambaye hawajawahi kumwona.

Nasaba yake nayo ni ya kusifiwa, maana imedaiwa zaidi kuliko ilivyothibitishwa. Msafiri Mwitalia, Pietro della Valle, akiwa Uajemi mwaka 1620, aliandika kwao habari za paka wazuri wa Khorasan wenye manyoya marefu na laini, akasema ananuia kupeleka jozi kadhaa Roma. Karne mbili na nusu baadaye, mwaka 1871, Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka katika Crystal Palace, London. Baada ya hapo Waingereza, na Wamarekani nyuma yao, walimzalisha Mwajemi kwa kuchagua mbegu, kizazi baada ya kizazi, manyoya yakizidi kurefuka na pua ikizidi kufupika. Picha za zamani zinamwonyesha akiwa na pua kamili, ya kupumulia. Halafu wakaja watu wa vinasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha paka wa sehemu mbalimbali za dunia, na Mwajemi akaonekana yuko karibu na paka wa Ulaya Magharibi kuliko wale wa huko anakodai kutoka. Mwajemi wa jina, Mzungu wa damu.

Waarabu humwita shirazi, na ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanalijua jina hilo vizuri. Hapo mtu wa pwani lazima atabasamu. Babu zetu wa Kilwa na Unguja waliposema asili yao ni Shiraz, wasomi wengi walisema wanajitafutia ukubwa. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha vipimo vya mabaki ya watu 80 wa kale wa mwambao na jirani zake. Ikaonekana kwamba kwa upande wa mama wengi wao asili ni ya Kiafrika, na kwa upande wa baba ipo damu ya Uajemi kweli, iliyoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Kwa hiyo nyumbani kwetu, kati ya paka na shangazi, mwenye haki ya kudai Ushirazi huenda ni shangazi. Balozi sijamwambia.

Nije kwenye manyoya. Mwaka 2018 Alexis Noel na David Hu wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba vijimwiba vilivyo juu ya ulimi wa paka vina mfereji nchani. Mfereji huo hubeba mate na kuyafikisha hadi kwenye ngozi, na ndivyo paka anavyojiosha na kujipoza. Waliwapima paka wa nyumbani, simba, chui milia na wengine wa ukoo huo, na ulimi unafika ngozini. Aliyeshindwa ni Mwajemi, maana manyoya yake ni marefu mno. Simba wa Serengeti, asiyejua sabuni wala chanuo, hujisafisha mwenyewe. Balozi, aliyezaliwa mjini, anahitaji mtu wa kumfanyia.

Mtu huyo ni mimi. Kila siku baada ya magharibi nakaa sakafuni na chanuo la chuma lenye meno marefu, yeye kalala kwa ubavu, sura ya anayepoteza muda wake. Ukiruka siku chache manyoya hujisokota kwapani, nyuma ya masikio na chini ya mkia, yakawa mafundo, na fundo likikaa huvuta ngozi hadi mnyama analia akiguswa. Hulifumui kwa mkasi, kwa sababu ngozi ya paka ni nyembamba na hupanda ndani ya fundo bila wewe kuiona. Unalitia wanga wa mahindi kidogo, unalipekua kwa vidole, halafu chanuo, kuanzia nchani kurudi shinani. Ni kazi ya subira. Likikushinda, linakwenda kunyolewa kwa daktari wa mifugo. Macho nayo hufutwa kwa pamba na maji ya uvuguvugu, kwani uso uliobanwa namna ile umepinda vijia vya machozi, nayo yanamtiririka mashavuni mchana kutwa. Asiyejua angempa pole ya msiba.

Na malipo ya utumishi huo? Yamo kwenye chai, kwenye pilau, kwenye kanzu ya Ijumaa. Hakuna anayeweza kutoka kwetu akadanganya alikuwa wapi. Yale manyoya anayoyameza kwa kujilamba bure huyarudisha kwa kuyatapika, na hapo ndipo ninapoamini kwamba ana kipaji. Nyumba nzima ina vigae. Zulia ni moja, dogo. Hajawahi kulikosa.

Mtu atauliza mnyama wa namna hii anafanya nini Dar es Salaam mwezi wa pili. Anavumilia, kwa gharama yetu. Mwenye uso bapa hupumua kwa taabu joto likizidi, kwa hiyo pangaboi la sebuleni halizimwi, na mchana hulala kifudifudi kwenye sakafu ya bafu, kwa hiyo watu wazima wa nyumba hii huoga wakimruka. Umeme ukikatika tunampepea kwa kipepeo cha ukili, kile cha jiko la mkaa. Ni katika zamu zangu za kupepea, jasho likinichuruzika mimi, ndipo nilipoelewa nani mwenye nyumba na nani mpangaji.

Chakula tusikizungumze sana, kinauma. Pale soko la samaki la Feri wako paka wembamba, masikio yamechanika, wanaomwibia muuza changu akiwatazama. Hao ni wanaume na wanawake wa shoka, na sifa zao mtu mwingine aziandike. Balozi aliletewa dagaa, wazuri, wakavu, wasio na mchanga. Akanusa, akaondoka. Anataka punje za dukani zilizovuka bahari kwa meli, tena kwenye sahani pana, kwa kuwa uso ule hauingii bakulini. Panya tunaye mmoja wa kudumu. Huvuka jikoni usiku bila haraka, na Balozi humtazama kama mtu kituoni anavyoitazama daladala isiyokwenda kwao. Methali inasema paka akiondoka panya hutawala. Kwetu paka yupo, na panya anatawala kwa ridhaa yake.

Hata maradhi yake ni ya ukoo, kama kiti cha enzi. Wapo Waajemi wengi wanaozaliwa na kasoro ya figo: vifuko vya maji huota ndani yake na kukua kadiri miaka inavyokwenda, mpaka figo zinachoka. Kasoro yenyewe ilitambuliwa kwenye vinasaba mwaka 2004, na kipimo kipo. Mzazi mmoja tu akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Hapa naacha mzaha kidogo: ukitaka kununua Mwajemi, kabla ya kuuliza bei uliza figo za wazazi wake. Muuzaji akishangaa swali, rudi nyumbani. Na paka anayeanza kunywa maji kupita kawaida huku anakonda apelekwe kwa daktari mapema, kwa sababu paka ni mahodari wa kuficha maumivu, na huyu wa uvunguni anaficha hata afya.

Nimebakiza sifa moja. Usiku wa manane, bodaboda ya mwisho ikishapita na nyumba ikanyamaza, Balozi hutoka. Huzunguka vyumba vyote, hukagua nani yupo, halafu hupanda kitandani, akanikanyagakanyaga kifuani kwa miguu ya mbele na kulala hapo akikoroma, uzito wake wote juu ya mbavu zangu. Siwezi kugeuka. Mbwa wa jirani humpenda kila apitaye, na mwizi akija na mfupa atapendwa vilevile. Huyu alitukataa sote humu ndani, mmoja mmoja, kwa muda mrefu, mpaka aliporidhika kwamba hatuna la kumdhuru. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na hakuna ambaye kibali chake kilinigharimu hivyo, wala kunifurahisha hivyo.

Ndugu msomaji, ukija kututembelea, karibu sana. Usiulize paka yuko wapi, na usiiname kuchungulia chini ya kitanda, maana humo atakuona wewe ni fagio jingine. Keti, kunywa chai, zungumza kwa sauti ya kawaida. Kama kwa bahati atatokeza pua mlangoni, usimkazie macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humwendea kwa urahisi zaidi mtu anayewafumbia macho polepole, kama aliye karibu kusinzia. Basi sinzia. Mkono uuache ulipo, aufuate yeye mwenyewe. Na ukitoka kwako siku hiyo, vaa kijivu.