Maneno Matano ya Muuza Fedha ya Kale

Mpenzi wa mapambo ya kale ya fedha, karibu Dar es Salaam. Uwe kwenye vinyago vya Mwenge, mitumba ya Tandika au vichochoro vya Tandale, utaambiwa maneno haya matano. Yasome kabla hujafungua pochi.

"Reale hii ni ya 1780, bosi." Ni kweli, imeandikwa hivyo. Karibu kila reale ya Maria Theresa utakayokutana nayo imeandikwa hivyo. Mtawala huyo wa Austria alifariki mwaka huohuo, lakini sarafu zenye sura yake na mwaka uleule zimeendelea kugongwa Vienna na, katika karne ya 20, hata Rome, London na Bombay. Kwa hiyo reale ya 1950 nayo ni ya 1780. Achana na umri, ipime: inatakiwa iwe na gramu 28 na kidogo, na ukingoni maneno ya Kilatini yaliyoinuka. Ukikuta ukingo mtupu, rudisha kwa adabu.

"Mkufu wa marehemu bibi." Marehemu huyu alijaliwa uzazi: kila kijana mwenye meza ni mjukuu wake. Bibi wa kweli, tuseme wa Mbagala, hakumwachia mtu mkufu. Aliupeleka kwa sonara, ukayeyushwa, ukawa vikuku vya harusi ya binti yake. Sonara naye hupima uzito; habari za ukoo hazimhusu.

"Hii fedha ya Mexico, soma mhuri." Usome kweli. Ukiona ALPACA, hiyo ni shaba, nikeli na zinki. Fedha haimo hata chembe. Ni kweli kwamba mji wa Taxco umesifika kwa fedha tangu William Spratling, Mmarekani, afungue karakana yake huko mwaka 1931. Na mhuri wa 925 maana yake ni sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Lakini mhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo.

"Weka sumaku, haishiki." Haishiki kabisa. Ukifika nyumbani iweke na kwenye sufuria ya alumini uone.

"Hicho cheusi achana nacho dada, chukua hiki kinachong'aa." Hapa ndipo wewe, msomi wetu, unapohitimu. Fedha halisi huingia weusi ikikutana na salfa ya hewani; kikuku kilichopakwa nikeli hubaki kinametameta kama siku ya kwanza. Kijana wa watu safari hii hakudanganya. Alitaka usibebe uchafu. Ukamshukuru, ukaongeza na elfu mbili ya soda. Kile cheusi atakipeleka Kariakoo jioni, na sonara atakilipia kwa gramu.