Kaa, Nyambizi na Bando la Usiku

Hakuna binadamu anayejua kukikasirikia kitu asicho na hela ya kukinunua kama mcheza gemu. Mtu hana televisheni yake, pedi anayochezea ni ya kukodi na kitufe cha mraba kimeshazama, lakini mwambie kwamba kampuni fulani huko Japani imeonyesha gemu yenye nyasi zisizopepea vizuri, uone atakavyopandisha mori. "Wametudharau," atasema. Wametudharau! Utadhani walikuwa wanamfahamu.

Nasema haya kwa kuwa nimo. Kwa miaka mingi Juni yangu haikuwa na usingizi kwa sababu ya E3, maonyesho ya biashara ya michezo ya video yaliyoanza Los Angeles Mei 1995. Wakati huo wa mwaka, Dar es Salaam iko mbele ya Los Angeles kwa saa kumi. Microsoft walipenda kupanda jukwaani asubuhi yao, ambayo kwetu ni saa moja na nusu usiku, muda wa kistaarabu, mtu unaangalia huku unakula wali maharage. Sony walipenda jioni. Jioni yao ni saa kumi alfajiri ya Mwananyamala, na saa hiyo aliye macho ama anaswali, ama anawahi basi la mkoani, ama ana matatizo. Mimi nilikuwa na bando la usiku, lile unalopewa data nyingi kwa bei ya maandazi lakini linakufa kukipambazuka, hata kama ndani yake umebakiza utajiri.

Jambo ambalo hatukutaka kabisa kulisikia ni kwamba E3 haikuwa yetu. Wenye maduka makubwa ya Marekani walikuja kuamua nini wapange rafuni Krismasi, waandishi walikuja kuandika, mabosi walikuja kuonyeshana grafu za mauzo. Milango haikufunguliwa rasmi kwa umma mpaka 2017, zilipouzwa tiketi 15,000. Kumbe miaka yote sisi tulikuwa tunachungulia kikao cha wafanyabiashara, halafu tunanuna kwamba kikao hakina msisimko. Sabasaba nayo ni maonyesho ya biashara, na sijawahi kumwona mtu akishuka kwenye daladala la Barabara ya Kilwa huku analia kwamba banda la matrekta limemvunja moyo. Anashuka na ndoo ya plastiki aliyoipata kwa bei ya kutupa, anakwenda zake.

Sisi hatukuwa na ndoo. Tulikuwa na utabiri. Wiki nzima kabla ya maonyesho, kwenye kibanda cha gemu cha bwana mmoja ambaye mtaa mzima humwita Mjomba, kila mtu alitoa orodha ya vitakavyoonyeshwa, na kila aliyefuata aliongeza dau. Mjomba mwenyewe alikuwa na utabiri mmoja usiobadilika: mwaka huu Konami wataweka Simba na Yanga kwenye gemu yao ya mpira, Winning. Hakuna mtu Konami aliyewahi kutamka neno lolote la kumpa matumaini hayo. Aliamini tu, na kila Juni ilipopita alitangaza kwamba Wajapani wamemsaliti.

Ukitaka kumwelewa mcheza gemu aliyesalitiwa, anzia 2006. Sony walikuja na PlayStation 3, wakataja bei: dola 499 kwa ile ndogo, 599 kwa ile kamili. Huo peke yake ulitosha kuwa msiba. Lakini katika mkutano huohuo wakaonyesha gemu ya Genji, na mtangazaji akaeleza kwa utulivu kwamba imetokana na vita maarufu vilivyopiganwa kweli katika Japani ya kale. Haikuchukua muda, skrini nzima ikajaa kaa. Kaa mkubwa, adui, mwenye mwili wa kutisha, na mtangazaji bila kupepesa jicho akashauri apigwe pale alipo dhaifu ili aumie vizuri. Mimi ni mtu wa pwani. Nimewaona kaa wa soko la Feri wakiwa wamekasirika. Katika historia ya nchi yoyote niliyofundishwa, sikumbuki vita vilivyoamuliwa na mmoja wao.

Video hiyo niliiona kwenye intaneti kafe ya Mwenge, nimelipia nusu saa. Ilipakia kidogo kidogo, kiduara kinazunguka, na kaa alipoinua gando kompyuta ikajifunga: muda wako umekwisha. Nikakimbilia kaunta kuongeza hela. Kurudi, kiti kimechukuliwa na dada mmoja mwenye bahasha ya vyeti, anaandika barua ya kuomba kazi.

"Samahani dada, nipishe dakika mbili tu."

"Kuna nini?"

"Kaa."

"Si ndiyo nimekaa?"

Nilisimama nyuma yake mpaka alipofika kwenye wadhamini.

Miaka iliyofuata ilikuwa na misiba yake. Mwaka 2008 Nintendo walitaka kuonyesha Wii Music, wakampandisha jukwaani mpiga ngoma stadi ambaye hakuwa na ngoma. Ameshika vijiti vya Wii, anapiga hewa kwa jitihada zote, anatoa jasho, na kila mtu ukumbini anatafuta pa kuweka macho. Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Konami, wale wale wa Winning. Mtayarishaji wao mmoja akaja kujivunia gemu yenye askari milioni moja kwenye skrini. Alilirudia hilo, milioni moja, na ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikia mtu akimeza mate. Mjomba alipoonyeshwa akaguna. "Milioni moja wameenea," akasema. "Simba na Yanga, watu ishirini na wawili tu, ndiyo nafasi imekosekana."

Mwaka ambao bado unazungumzwa kibandani ni 2013, na sababu yake ni intaneti. Microsoft walikuwa wameeleza kwamba mashine yao mpya, Xbox One, itapaswa kujiunga na mtandao walau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zako hazichezeki. Sasa chukua sharti hilo ulete uswahilini. Umeme wenyewe tunaununua kwa Luku, ukiisha saa nne usiku unatafuta wakala kwa tochi. Bando ni la kwako, la mdogo wako na la yule mpangaji wa chumba cha pili anayeomba "kahotspot kidogo" ili ashushe msimu mzima wa tamthilia. Halafu mashine ikae sebuleni inakudai ripoti kila siku kama mjumbe wa nyumba kumi!

Bosi wa Xbox wakati huo, Don Mattrick, aliulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya uhakika. Akajibu kwamba kwa bahati nzuri wanayo bidhaa kwa ajili yao, inaitwa Xbox 360. Maana yake, bakini na ya zamani. Akaongeza kwamba amesoma habari za mtu mmoja aliyesema yuko kwenye nyambizi ya nyuklia, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa nyambizini angevunjika moyo pia. Nilipowasimulia wenzangu hilo kibandani, watu walikaa kimya wakilitafakari. Fundi simu mmoja, kijana mpole ambaye kwa kawaida hachangii, akauliza: "Kwa hiyo kwenye hesabu zao, kuna wenye intaneti, halafu kuna sisi na watu wa nyambizi?" Ndiyo, kaka. Chini ya bahari na Mwananyamala, kundi moja. Mpaka leo bando likimwishia mtu pale kibandani, anasema amezama.

Kwa sababu ya sharti lile la saa 24, Sony walipopanda jukwaani alfajiri ile ya Juni 11, saa kumi yetu, nilikuwa kitandani na kompyuta tumboni, modemu imening'inizwa dirishani kutafuta mnara. Jack Tretton wa Sony akasema PlayStation 4 haitazuia gemu za mtumba. Ukumbi ukapiga kelele. Akasema haitakuwa na sharti la kuingia mtandaoni kila saa 24. Ukumbi ukalipuka. Ikaja bei, dola 399, mia nzima chini ya Xbox One, na hapo ndipo nami nilipopiga ukelele ambao kwa hakika nilidhani ni wa moyoni.

Ua mzima uliwaka taa. Nyumba za kupanga zina masikio, na ukelele wa saa kumi alfajiri una tafsiri moja tu. Nilipofungua mlango nilikuta wapangaji na marungu, mama mwenye nyumba na mchi wa kinu, na mbele yao mzee wa chumba cha kwanza, mstaafu wa bandari, ameshika panga kwa mkono ambao haukuwa unatetemeka hata kidogo.

"Yuko wapi?"

"Shikamoo mzee. Hakuna mwizi."

"Marahaba. Sasa umepiga kelele za nini?"

"Wametangaza bei, mzee."

"Bei ya nini? Sukari?"

"Ya PlayStation 4."

Akanitazama, akatazama chumba, akamtazama mama mwenye nyumba. "Imefika dukani?"

"Bado. Mwishoni mwa mwaka. Huko Marekani."

"Nawe hiyo hela unayo?"

Ilikuwa zaidi ya laki sita kwa pesa yetu, kabla ya usafiri na ushuru. Nikasema sina. Mama mwenye nyumba akashusha mchi polepole. "Kodi yangu ya miezi sita," akasema, "naona safari hii utanilipa mapema, maana bei unazifuatilia vizuri."

Juni 19 Microsoft wakalifuta lile sharti la saa 24. Kibandani tulisherehekea kana kwamba sisi ndio tuliowashinda kwa maandamano, wakati mashine zote nne za Mjomba zilikuwa PlayStation 2, ambayo Sony walishaacha kuitengeneza mapema mwaka huohuo, na CD zake zote zilikuwa feki. Hakuna kati yetu aliyekuwa mteja wa upande wowote. Lakini ushindi ulikuwa wetu.

Wakati mwingine nafikiri tuliwaonea. Novemba 2018, kwenye kongamano la Blizzard huko Anaheim, mashabiki walizomea waliposikia kwamba Diablo mpya inayokuja ni ya simu, na mtu wa jukwaani akawauliza kwa mshangao: kwani hamna simu? Kule waliona ni tusi. Kwetu hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la akili kuulizwa na kampuni ya gemu. Simu tunazo! Simu ndiyo kitu pekee tulicho nacho! Na bado, niamini, pale kibandani tulizomea nao, kwa mshikamano. Miezi michache kabla ya hapo, kwenye E3 ya mwaka huohuo, Bethesda walionyesha video isiyofika dakika moja: milima, muziki, jina la The Elder Scrolls VI, basi. Waliozaliwa wiki ile wameshaanza shule, gemu haijatoka.

Lakini acha niwaambie kilichonifungua macho. Mwaka 2015 Sony walifanya E3 nzuri kupita kiasi. The Last Guardian, iliyotangazwa 2009 na kudhaniwa imekufa, ikafufuka. Final Fantasy VII ikaahidiwa kutengenezwa upya. Shenmue III ikaja na bakuli la michango, likajaa. Watu wazima walilia. Asubuhi yake nikaenda kibandani nikitegemea sikukuu, nikakuta watu wamekaa kama wamefiwa. Hapakuwa na la kusema. "Ilikuwa nzuri." "Eeh, nzuri." Mtu akanywa chai yake akaondoka. Mjomba, ambaye mwaka wa nyambizi aliuza soda mpaka kreti zikaisha kabla ya adhuhuri, alibaki anafukuza nzi. "Hawa Wajapani," akanong'ona, "wataniua njaa."

Desemba 12, 2023, waandaaji wakatangaza kwamba E3 imekwisha moja kwa moja. Janga la korona lilikuwa limeshaifuta ya 2020, na za 2022 na 2023 hazikufanyika. Walioilia zaidi ni wale wale waliokuwa wakiitukana kila Juni. Siku hizi mtangazaji wa gemu Geoff Keighley ana onyesho lake la Summer Game Fest, alilolianzisha 2020, na makampuni mengine yanatoa video zao yenyewe yanapojisikia, leo hii, kesho ile, huna hata muda wa kupanga hasira.

Juni iliyopita tulijitahidi. Tuliangalia kwenye simu ya fundi, vichwa vimegongana mbele ya mashine ya kona, na ilipokwisha Mjomba akafungua kikao: matangazo mengi mno, gemu za kununulika hamna, Simba na Yanga hamna. Mjadala ulipopamba moto, dogo mmoja wa darasa la tano, ambaye alikuwa ameketi pembeni na sarafu mkononi muda wote huo, akanyanyuka akamgusa Mjomba begani.

"Shikamoo Mjomba. Hao wanaopiga kelele kwenye ile mashine ya kona wamelipia, au naweza kucheza?"