Tenki Limefika

Mwenzangu mwenye mke, watoto na shemeji asiye na tarehe ya kuondoka, vuta kiti. Kisa hiki kilianza kwa neno moja, na neno lenyewe ni "tenki".

Mama Imani alikuwa ananiomba tenki la maji tangu mwaka juzi. Jeusi, lita 1,000, likae juu ya matofali nyuma ya banda la kuku, ili maji yakitoka usiku wa manane nyumba nzima isiamke kukinga ndoo. Ombi halali kabisa, nami niliahidi kwa moyo wangu wote. Lakini wewe unajua hela ya baba inavyotembea: kabla haijafika dukani kwenye matenki, imeshakutana na ada njiani.

Basi Jumamosi moja ya Juni, Mama Imani yuko uani anapepeta mchele, binti yetu wa miaka minane akatoka ndani mbio. "Mama! Tenki limefika! Baba kaleta tenki!" Huyu binti tunamwita Redio Mbao, kwa sababu habari ya nyumba hii haimalizi dakika tano kabla ya kufika kwa jirani wa nne. Mama Imani akaweka ungo chini, akafunga kanga vizuri, akaenda getini kumpokea mwenye kirikuu. Getini hakuna kirikuu. Akarudi, akatukuta mimi na kijana wetu tumeinamia laptopu, na kwenye kioo kimesimama kifaru kidogo cha Kijerumani cha rangi ya kijivu.

"Tenki liko wapi, Baba Imani?"

Imani, ambaye tunamwita Injinia kwa vile hajawahi kuona redio nzima asiifungue, akanyoosha kidole kwa moyo mweupe kabisa. "Hili hapa, mama."

Jioni ile nilikula kiporo, na sikuuliza kwa nini.

Nilipotulia nikasoma, nikagundua kwamba neno hili lina kesi ya zamani. Waingereza walipokuwa wanaunda vifaru vyao vya kwanza katika Vita Kuu ya Kwanza, walitaka siri isitoke kiwandani, wakasema wanatengeneza vyombo vya maji. Matenki, basi. Jina likaganda hata baada ya vyombo vyenyewe kutokea vitani kule Somme Septemba 1916 vikiwa na mizinga. Nilimweleza mke wangu kwamba neno lililomtoa uani lilipewa vifaru tangu mwanzo kwa ajili ya kudanganya watu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na maji bado hayapo." Sisi Waswahili tulisema kweli zaidi: tuliangalia ile ngozi nene na ile pua ndefu, tukaita kifaru.

Kwa nini nilikubali kifaru kiingie nyumbani? Kwa sababu niliahidi. Nilimwambia Injinia kwamba akiingia kumi bora darasani tutacheza pamoja World of Tanks, gemu ambalo binamu zake walikuwa wanalisimulia kila sikukuu. Akashika namba tisa. Mtoto akishalipa upande wake wa deni, baba huna pa kujificha. Gemu lenyewe lilitengenezwa na kampuni ya Wargaming, iliyoanzia Minsk, Belarus. Lilianza Urusi mwaka 2010, mwaka uliofuata likafika Ulaya na Marekani. Kulipakua ni bure. Ila linakula makumi ya gigabaiti, na hapo ndipo alipoingia Shemeji Bando.

Shemeji Bando ni mdogo wake Mama Imani. Alikuja kwetu kwa usaili wa siku tatu, Februari ya mwaka jana. Ni kijana mwema, ana adabu, anafua nguo zake mwenyewe. Lakini intaneti ya nyumba hii yeye huifahamu kama mvuvi anavyofahamu maji kupwa na kujaa. Anajua bando lipi la usiku ni nafuu, linaanza saa ngapi na linakata saa ngapi. Alikesha na lile gemu usiku nne mfululizo, anapakua kidogo kidogo, asubuhi anatutangazia asilimia wakati wa chai. Usiku wa nne, kwenye asilimia 97, akasinzia, bando likaisha. Mama Imani alimpa uji wa pole.

Sasa nikueleze mambo yanavyokwenda, maana na wewe mwanao atakuja kudai. Mnakuwa kumi na tano upande huu, kumi na tano upande ule. Mnapewa dakika kumi na tano: ama muwamalize wenzenu, ama mkae kwenye kambi yao mpaka ihesabike mmeiteka. Vifaru vimepangwa kwa madaraja, na mgeni huanzia daraja la kwanza. Sisi tulianza na Leichttraktor, yaani trekta jepesi. Hilo nalo lilikuwa jina la kuficha: mkataba wa Versailles uliwakataza Wajerumani kuwa na vifaru, wakaunda vyao na kuviita matrekta. Redio Mbao alifurahi sana kusikia hivyo. Kwa wiki mbili alikuwa anauliza mezani, "Leo trekta linalima wapi?"

Lilikuwa halilimi popote. Mimi na Injinia tulikuwa tunakanyaga mafuta moja kwa moja kuelekea kwa adui, na kabla dakika ya pili haijaisha tunatazama moshi wetu wenyewe. Tukirudi na kifaru kingine, moshi tena. Ilituchukua muda kuelewa kwamba ule mduara wa shabaha ni mpana ukiwa mwendoni, na ukisimama unajikusanya taratibu mpaka unakuwa mdogo kama kikombe. Subiri ukusanyike ndipo upige. Deraya ya mbele ni nene, ubavuni ni nyembamba, nyuma ni nyembamba zaidi. Na ukikikalisha kifaru chako mshazari kidogo, kombora linaweza kugonga likateleza likaenda zake. Injinia aliyashika haya kwa haraka, lakini kusubiri hakukumkaa. Ana miaka kumi na mitatu. Hata maandazi huyala yakiwa bado yanachemka mafuta.

Aliyetufundisha kusubiri ni Mama Imani, na alijifunza kwa kicheche.

Ngoja nirudi nyuma. Mke wangu anafuga kuku wa kienyeji, na mwaka jana kicheche alimmalizia vifaranga saba kwa wiki moja. Mimi na Shemeji Bando tulikaa mlangoni mwa banda na rungu mpaka usingizi ukatuchukua. Kicheche akapita. Siku ya tatu Mama Imani akatutoa, akarudi nyuma hatua kama kumi, akaketi kwenye giza la mpapai, tochi imezimwa, kimya. "Mlangoni anakuona," alituambia. "Ukikaa nyuma ya giza, yeye ndiye anayetoka kwenye mwanga." Saa nane usiku tukasikia tofali likitua. Kicheche hakurudi tena.

Basi jioni moja alikuwa amesimama nyuma yetu na bakuli la karanga, anatutazama tunavyokufa. Akauliza lile jani pembeni ni la nini. Injinia akamweleza: kichaka kinakuficha, lakini ukipiga ukiwa umekiegemea, hakikufichi tena. Inabidi uwe zaidi ya mita kumi na tano nyuma yake, majani yaonekane mazito, hapo hata ukipiga bado kinakusitiri. Mama Imani akaweka bakuli mezani. "Si ni kile kicheche?" akasema. "Nipisheni."

Alichagua Marder II, kifaru cha daraja la tatu chenye mzinga mrefu na deraya nyembamba kama sufuria, ambacho uhai wake wote ni kujificha. Baadaye Injinia akatafuta maana ya jina, akaja mbio jikoni: Marder kwa Kijerumani ni mnyama wa ukoo mmoja na kicheche! Mama Imani alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo hakutaka kifaru kingine.

Kifaru huwa na watu wake ndani: kamanda, mpiga mzinga, dereva, mpakia makombora, mtu wa redio. Nyumba ikajigawa bila kikao. Mama kamanda, Injinia kwenye usukani, mimi naangalia ile ramani ndogo ya pembeni, Shemeji Bando anapakia, yaani analinda ruta isiguswe. Mtu wa redio hakuhitaji kuteuliwa. Shemeji aliwahi kushauri tununue dhahabu ya mle ndani kwa pesa ya kweli, tupate vifaru vizuri upesi. Kamanda akamjibu kwamba shilingi ya kwanza inayotoka nyumba hii kwa ajili ya tenki, hilo tenki litakuwa na bomba chini. Sheria hiyo ipo mpaka leo.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Alhamisi, saa tatu hivi. Maharage yako kwenye jiko la mkaa, na hakuna anayeyakumbuka. Tuko Malinovka, ramani yenye uwanja mpana katikati na kilima pembeni. Mama Imani yuko nyuma ya kichaka chake. Kuna taa inayowaka juu ya kioo ukishaonwa na adui, na taa hiyo haijawaka hata mara moja. Wenzetu wanaanguka mmoja mmoja. Redio Mbao amepanda juu ya kochi, dirisha liko wazi, anatangaza kwa pumzi zote: "Wamekuja! Watatu! Wanaingia nyumbani kwetu! Baba, wamefika nyumbani!" Nyumbani, kwa lugha ya watoto wangu, ni kambi.

Hapo hapo LUKU ikaisha. Giza.

Redio Mbao akapiga ukelele wa kweli sasa, kwa sababu giza analiogopa. Nusu dakika haikupita, filimbi ikalia barabarani. Geti likasukumwa, akaingia mjumbe na tochi, nyuma yake jirani yetu Baba Juma na panga, mlinzi wa nyumba ya tatu na rungu, na Mama Juma na ndoo ya maji kichwani, kwa kuwa alikuwa amesikia harufu ya moto. Yalikuwa maharage.

"Wako wangapi?" mjumbe akauliza kwa sauti ya chini.

"Watatu," Mama Imani akajibu, macho hayajatoka kwenye laptopu iliyokuwa inawaka kwa betri. "Wako kilimani."

Nilieleza mimi. Nilianza na shikamoo, nikaomba radhi mara tatu, na huku naeleza nanunua umeme kwenye simu. Ujumbe ulipofika tukatoka wote kwenye mita, mjumbe anamulika, Redio Mbao anasoma tarakimu zote ishirini kwa sauti, machozi hayajakauka. Taa zikarudi, ruta ikaamka, Injinia akaingia tena kwenye pambano. Kifaru chetu kilikuwa pale pale. Mtandao ukikatika kifaru hakiondoki uwanjani, na mama alikuwa amekiacha mahali ambapo kutofanya kitu ndiyo kazi yenyewe. Mmoja akapita mbele ya kichaka, ubavu wazi. Mama Imani akasubiri mduara ukusanyike. Nilisikia mjumbe ameshika pumzi. Akampiga. Na wa pili naye. Wa tatu akatuzunguka nyuma, tukashindwa, lakini sebuleni kwangu watu walikuwa wanapeana mikono, Baba Juma panga bado liko kwapani.

Maharage tulimpa mbwa. Ile ndoo ya Mama Juma tuliogea asubuhi.

Desemba akaja Babu Kagera kusalimia. Ni baba yake Mama Imani. Mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, yeye alikuwa kijana anayeendesha lori la jeshi, na jambo hilo hulitaja kwa sentensi moja tu: "Tulipofika Kyaka, daraja lilikuwa limevunjwa." Watoto wameshajua kutouliza zaidi. Injinia siku hizo alikuwa ameshafika daraja la sita na T-34-85 yake. Siku hiyo upande wa pili akatokea mtu na Type 59, kifaru cha Kichina kilichoundwa kwa kuiga T-54 ya Warusi. Babu alikuwa anasoma gazeti. Akalishusha.

"Hicho simamisha."

"Hakisimami, Babu. Ni cha mtu mwingine."

Akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Akatueleza kwamba vya namna hiyo vilikuwa vyetu, vya Mchina, na kwamba usiku ulikuwa unavisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Akamtaja mwenzake aliyependa kupanda nyuma, juu ya injini, kwa sababu pana joto. Akanyamaza. Injinia aliondoa mkono kwenye mausi, kifaru chake kikapigwa kikaungua, na hakuna aliyekitazama. Saa nzima babu na mjukuu walizungumza, na mimi, niliyemwoa bintiye miaka kumi na sita iliyopita, nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Namshukuru yule mtu wa Type 59, popote alipo.

Tenki la maji nimelinunua mwezi uliopita. Lita 2,000, nimezidisha kwa hiari yangu. Kirikuu kilipiga honi getini saa kumi jioni, na Redio Mbao akatoka mbio kuangalia, akarudi mbio zaidi. "Mama! Tenki limefika! Mama, tenki la kweli!"

Mama Imani alikuwa Malinovka, nyuma ya majani mazito, mduara unajikusanya.

"Mwambie asubiri," akasema polepole. "Kuna mmoja anakuja."