Hata Punda Ana Mkanda

Niliamua kutembea kwa miguu kutoka Mbulu mjini hadi Katesh kwa kupitia Dongobesh, Haydom na Basotu, kisha nipande Mlima Hanang, mita 3,417, nishuke nikanywe chai. Babu zetu waliipita njia hiyo wakiswaga ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyeiita mazoezi. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Kwani mabasi yamegoma?"

Kosa langu lilikuwa kusoma. Nilisoma kwamba mzigo wa mtembeaji usizidi sehemu ya tano ya uzito wake. Mimi nina kilo 65, hivyo haki yangu ni kilo 13. Nikasikia tena kwamba anayepanda Hanang hubeba maji yake tangu chini, na lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Lita 5 zikala kilo 5. Zikabaki 8 za blanketi, chakula, sufuria na begi lenyewe. Nikamsoma na bibi mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, ambaye mwaka 1955, akiwa na miaka 67, aliimaliza njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, na kifuko cha jinzi alichokishona mwenyewe na kukitupia begani. Hapo ugonjwa wa wepesi ukanishika rasmi.

Nikaenda mnadani, upande wa mitumba. Kijana akanionyesha mabegi mawili ya mgongoni: moja lina vyuma ndani kama kitanda cha bweni, jingine jepesi, la bluu. Nikayabeba yote mawili hadi kwa mama muuza vitunguu swaumu, nikaomba mizani.

"Mwalimu, hapa tunapima kilo na robo," aliniambia. "Hizo gramu zako kapime zahanati."

Nikachukua la bluu. Nyumbani niliazima mizani ya dukani pamoja na mawe yake, na kazi ikaanza. Nilikata mpini wa mswaki. Nilikata lebo za fulana. Blanketi nililigawa, nusu likabaki kwa watoto, na kwa anayeijua baridi ya Mbulu, huo nao ulikuwa ukatili. Kisha nikaligeukia begi. Lilikuwa na mikanda mingi inayoning'inia, na mmoja ulikuwa mpana, una sponji na kifungo cha plastiki, unazunguka kiunoni. Nikajiuliza: mzigo uko mgongoni, kiuno kinahusikaje? Nikachukua wembe. Gramu 150! Nilifurahi kama mtu aliyefutiwa deni.

Kabla sijafika Dongobesh, mabega yalikuwa yananijibu lile swali. Kumbe mkanda wa kiunoni ndio unaoushusha mzigo kutoka mabegani na kuukalisha kwenye nyonga, ambako kuna mifupa na misuli ya kuubeba. Ukiukata, kilo zote 13 zinaning'inia kwenye kamba mbili, na kamba hizo zinaning'inia kwako. Nilijipa moyo kwa kumkumbuka John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu hiihii, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Lakini yeye alianguka. Mimi nilijikata mwenyewe, tena baada ya kupima.

Haydom nilifikia kwa shangazi. Nilimwamkia nikiwa nimeinama, akadhani nimezidisha adabu.

"Marahaba. Sasa inuka, mwanangu."

"Siwezi, shangazi."

Akanizungusha kama debe la mahindi analotaka kulinunua. Nikamweleza habari ya wembe na gramu 150. Alinyamaza kidogo, akaangalia nje, ambako punda wake walikuwa wanafika na madumu ya maji.

"Yule," alisema, "hajasoma hata darasa la kwanza. Lakini ukimpakia bila mkanda, haondoki."

Akaingia ndani akatoka na kanga, akaikunja, akanizungushia kiunoni juu ya begi na kukaza fundo kwa goti. Mzigo ukashuka. Mabega yakapumua. Nikamshukuru sana, nikaondoka alfajiri bila kusoma maandishi.

Njia ya Basotu inapita kwenye mashamba ya ngano, na Hanang unaanza kuonekana mbele umesimama peke yake. Nilishangaa ukarimu wa watu. Kila bodaboda aliyenipita alipiga honi, kila abiria aligeuka na kucheka. Nikafikiri, kumbe wanathamini michezo. Katesh, kijana mmoja ndiye aliyenihurumia.

"Mwalimu, hongera ya ndoa."

Nikaivua kanga. Herufi kubwa, nyekundu, zilizokaa nyuma yangu tangu Haydom, zilisema: MLISEMA SIOLEWI.

Hata hivyo niliifunga tena. Kati ya aibu na kilo 13, mabega yangu yalishachagua. Nilipanda nayo Hanang, na kule juu kwenye ukungu hakukuwa na wa kuisoma ila mwongozaji wangu, aliyeomba tu atangulie mbele ili asiendelee kucheka akajikwaa.

Nilirudi Mbulu kwa basi. Getini nilikutana na punda wetu akitoka kisimani, madumu yametulia pande zote mbili. Chini ya tumbo alikuwa amefungwa mkanda mweusi mpana, wenye sponji na kifungo cha plastiki, umeungwa kwa kamba ya katani ili umtoshe.

"Niliuokota siku ulipoondoka," alisema mke wangu. "Tangu siku hiyo hajachubuka hata mara moja. Ni mzuri sana. Uliununua wapi?"