Saa Mbili ya Malawi

Nimeishi na mke mmoja miaka thelathini na nane, nikadhani maswali nimeshayazoea. Kumbe bado. Tangu kijana wangu wa Dar es Salaam aje likizo, aniachie simu ya kugusa na mkanda wa kupimia presha, naulizwa nimelala saa ngapi, nimekula nini, nimetembea hatua ngapi, na kama nina furaha. Furaha! Kahawa tumeshapeleka, malipo ya pili hayajaja, halafu simu inataka nibonyeze kijisura kinachocheka.

Ugonjwa siukatai. Presha ninayo, sukari ninayo, nimekabidhiwa vyote siku moja kliniki kama mtu aliyeuziwa ng'ombe na ndama wake. Wala siko peke yangu. Utafiti uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta watu 26 katika kila 100 wana presha, na 9 wana sukari. Ukikaa kwenye foleni yetu siku ya kliniki utadhani wote wamehamia Mbinga. Kumeza vidonge si kazi. Kazi ni kukumbuka, maana presha haiumi. Ukijiona mzima unaacha dawa, ukiacha dawa siku moja unaanguka chooni. Kwa hilo la kukumbusha, simu siwezi kuilaumu.

Nailaumu kwa mengine. Mkwe wangu alipokuwa mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, akawa anapokea ujumbe mfupi wa Kiswahili, bure, kwenye simu yake ya kitochi. Sisi wazee tungepewa neno MZEE tungeshukuru. Mimi nimepewa programu inayokula bando kuliko nguruwe anavyokula pumba. Inanidai hatua elfu kumi kwa siku, namba ambayo wala haikuanzia kwa daktari: ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shamba langu la ngolo, kile kilimo chetu cha mashimo, liko kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa vituo. Nashinda huko na jembe, simu nimeiacha kwa kinyozi mwenye sola ichajiwe. Jioni inaniambia: "Leo umetembea hatua 212. Jitahidi!" Hizo 212 ni za kinyozi.

Kwenye chakula ndiyo usiseme. Orodha yake ina brokoli, ina samoni, ina vitu vinavyofanana na majani ya kufungia maandazi. Ugali wa muhogo haumo. Usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, hawamo kabisa. Nikaona isiwe taabu, samaki ni samaki, nikabonyeza samoni. Kwa mujibu wa simu, mimi mzee wa Mbinga hula samoni mara nne kwa wiki.

Na kupima kwenyewe! Ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, na usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Kahawa haina neno. Tunailima kwa ajili ya wenzetu, kikombe cha nyumbani ni chai. Tatizo ni hizo dakika tano. Nina wajukuu sita. Nikikaa kimya dakika mbili tu, wa mwisho anakuja kunifunua kope.

Sasa kisa chenyewe. Shemeji yangu wa Mbamba Bay alikuwa anavuka ziwa kwenda Nkhata Bay, Malawi, kusalimia ndugu, akanialika. Nikateremka zile kilomita 66 za lami, asubuhi tukapanda boti. Mpaka uko wapi humo majini? Malawi wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, wanasema maji ni yao hadi ufukweni kwetu. Sisi tunasema mpaka unapita katikati. Wakubwa wamekaa vikao na vikao, hawajamaliza. Simu yangu ilimaliza kwa sekunde moja: ikadaka mtandao wa ng'ambo, ikanikaribisha Malawi, na bila kuniuliza ikarudisha saa nyuma, kwa sababu saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Mimi sikuona. Kengele yangu ya dawa ni saa mbili usiku. Kwa kijana Dar es Salaam, programu hiyohiyo inafuata saa ya Tanzania. Saa mbili yake ikapita, saa mbili na nusu ikamletea maandishi mekundu: mzee hajameza dawa. Akapiga, sipatikani. Akampigia mama yake. Mama yake angesema "baba yako amesafiri" tungelala salama. Yeye akasema, "Amepanda boti." Aliyelipokea neno boti akaongeza mawimbi, wa pili akaongeza giza. Ilipofika saa tatu dada yangu alikuwa ameshaanza kulia, na jirani ameleta viti na turubai.

Na saa ileile, yaani saa mbili ya Malawi, kengele yangu ililia. Nikameza kidonge kwa nidhamu, nikabonyeza "nimemeza", nikalala. Bando la kupeleka habari hiyo nyumbani sikuwa nalo.

Nilirudi kesho yake. Nyumbani viti vimepangwa. Mama watoto hakunipa pole wala dakika tano. Alinivika mkanda nikiwa nimesimama. 172 kwa 104. Simu ikaniamuru nikamwone daktari, nikaenda kliniki.

"Mzee wangu, umefanya nini?" muuguzi akaniuliza.

"Nimefufuka, mwanangu."

Akanikalisha robo saa, akapima tena: 150 kwa 92. Akaandika kwenye daftari langu la kliniki, ambalo halina saa wala mtandao, na halijawahi kunitangazia msiba. Kisha akaomba aione simu. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena.

"Mzee, samoni mnawapata wapi?"

Nikakiri. Usipa, na chumvi ninayowanyunyizia mezani nikidhani haihesabiwi. Akanieleza kwamba chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya jikoni. Nikapiga hesabu kimyakimya. Mimi nilikuwa nakula ya kaya.

Kijana ameirekebisha simu; sasa italia kwa saa ya Tanzania hata nikienda mwezini. Asubuhi ya leo: 138 kwa 86, sukari 6.8 kabla ya kula. Msomaji, ukishuka Mbamba Bay niletee usipa waliokaushwa juani, bila chumvi. Viti nimevirudisha kwa jirani. Turubai amekataa kulichukua, anasema nikae nalo tu.