Jinsi ya Kupiga Kelele kwa Mpangilio

Umeamua kuwa shabiki wa K-pop? Karibu sana, lakini kuna masharti. La kwanza: acha kuuliza hiyo ni midundo ya aina gani. Ndani ya wimbo mmoja utakuta rapu, disko na gitaa la roki, na vyote vinaelewana. K-pop utaitambua kwa namna inavyotengenezwa, na kwa kazi anayopewa msikilizaji.

Soma historia, maana wakongwe watakuuliza. Mwaka 1992 Seo Taiji and Boys walipanda jukwaani katika shindano la televisheni ya MBC na rapu yao ya Kikorea, majaji wakawapa alama za chini kuliko wote. Vijana hawakuwajali majaji. Wakakimbilia kununua albamu. Mwaka 1996 Lee Soo-man wa kampuni ya SM akawatoa H.O.T., wavulana watano waliosakwa na kufundishwa kwanza, ndipo wakaonyeshwa watu. Mpaka leo makundi mengi huzaliwa hivyo.

Sharti la pili, na hapa sitaki mzaha: usiseme "wanacheza tu". Tafuta video ya mazoezi, ile isiyo na taa za rangi, kamera imesimama pale pale na ukuta mzima ni kioo. Anayeingia kuimba anateleza kuja mbele, wenzake wanaziba nafasi aliyoiacha kabla hujagundua kwamba wamehama. Irudie, mara hii ukimkodolea macho wa pembeni peke yake. Utaona jasho la miaka. Ukishaliona, dai na haki zake. Mwaka 2009 wanachama watatu wa kundi la TVXQ waliipeleka SM mahakamani kwa mkataba wa miaka 13, na mwaka huo huo tume ya biashara ya Korea Kusini ikatoa mkataba wa mfano wenye ukomo wa miaka 7. Shabiki anayezijua hatua zote za dansi na hajui hilo, bado hajahitimu.

Sasa kelele zenyewe. Muziki unapoanza, kabla sauti haijaingia, ukumbi mzima hutaja majina ya waimbaji kwa zamu, kisha huitikia mahali palipopangwa. Yakariri nyumbani. Ukichelewa nusu sekunde, jirani yako atageuka. Nunua pia taa ya mkononi ya kundi lako, kwa kuwa karibu kila kundi lina yake, na ununue betri za akiba.

Betri hizo hazinunuliwi kwa ajili ya tamasha tu. Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol alipotangaza sheria ya kijeshi, vijana walizibeba taa hizo hizo hadi mbele ya Bunge jijini Seoul kudai aondolewe, na nyimbo za K-pop zikawa nyimbo za maandamano. Mmojawapo ni "Into the New World" wa Girls' Generation, uliotoka 2007. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha walishauimba mbele ya polisi mwaka 2016. Wimbo ule ulitolewa kutambulisha kundi jipya la wasichana. Maana hii nyingine umepewa na waitikiaji.

Basi mtu akikuambia muziki huu ni wa watoto wasio na kazi, mwonyeshe picha za Desemba ile. Kisha mfundishe kuitikia.